Hapungui na Sauti ya Masikio Mawili

Hapungui alikuwa amemfikisha muuza zipu pale anapopataka, pale ambapo muuzaji huanza kujikuna kisogo na kutazama pembeni kama anayetafuta shahidi, aliposikia mwanamke akizungumza kwenye spika ya kibanda cha jirani. Ilikuwa sauti nzito kidogo, isiyo na haraka.

"Nina kifafa tangu utotoni," ilisema. "Nilikuwa naanguka popote pale. Siku hizi nasikiliza hii sauti kila jioni kabla ya kulala, na sijaanguka tena."

Hakuitambua mara moja. Mtu hujisikia kwa ndani maisha yake yote. Akija kujisikia kwa nje hujiona mgeni. Kilichomfumbua macho ni kikohozi. Baada ya neno "tena" kilifuata kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayeishi na vumbi la vitambaa, na kikohozi kile kilikuwa chake. Mkononi alikuwa na fungu la zipu nyeusi. Akaliweka mezani.

"Basi, basi, chukua kwa hiyo bei yako," muuza zipu akasema, akidhani kule kuweka ni mbinu. Kisha, alipoona bado anatazama kile kibanda, akamwongezea habari bila kuombwa. Hiyo ndiyo dawa mpya ya kifafa, alisema, unaweka hedifoni masikioni na kusikiliza tu. Huyo mama anayeongea wanasema yuko hapahapa mjini, ni fundi wa kitu fulani. Watu wanarushiana kwenye simu. "Hata Mama Sare amemchukulia binti yake. Vidonge amemwachisha kabisa. Anasema havina kazi tena."

Hapungui akalipa, akachukua zipu zake na kuondoka bila kudai ya nyongeza. Muuza zipu akabaki anazihesabu upya zilizobaki, akiwa na hakika kwamba kuna mahali ameibiwa.

Jina la Hapungui alipewa na wateja. Ukimwuliza bei ya kushona suruali anakutajia, ukilia anakusikiliza hadi mwisho, kisha anakutajia ileile. Alianza na cherehani ya kukodi kwenye baraza ya nyumba ya watu, akaja kuwa na chumba chake chenye mlango wa chuma na dirisha la kioo, na hakuna aliyemshika mkono kufika pale. Kwa hiyo alikuwa hapungui, na hakuona aibu.

Ila kile chumba kilikuwa kimepangwa kwa namna ambayo mtu mwenye jicho angejiuliza. Cherehani ilikuwa ya miguu, wakati mafundi wote wa mtaa walishahamia za umeme. Wateja walidhani ni ubahili. Ukweli ni kwamba cherehani ya umeme haijui kama aliyeikalia amepoteza fahamu. Ya miguu, mguu ukilala, nayo inalala. Mkasi mkubwa ulining'inia ukutani, mbali na kiti. Kupiga pasi hakupiga; nguo zilizokamilika zilipelekwa kwa dobi wa kona, na watu wakasema fundi huyu ana maringo. Magauni yake yote hayakuwa na vifungo shingoni, yalishikwa kwa gundi ya nailoni ile inayobanduka kwa mkono mmoja, ili atakayemkuta chini aweze kumfungua haraka.

Ndivyo alivyomjua binti wa Mama Sare. Mama Sare alikuwa na duka la sare za shule, na sehemu kubwa ya sare zile zilitoka chini ya sindano ya Hapungui. Siku moja alileta kitambaa cha sare ya mwanawe, akaomba shingo isiwe na vifungo, ibanduke kirahisi, akatoa sababu ya uongo kuhusu joto. Hapungui akashona bila kuuliza. Hakuna anayeomba shingo ya namna ile kwa sababu ya joto.

Siri yake mwenyewe waliijua watu watatu: mama yake, ambaye alishafariki; daktari wa kliniki; na mumewe. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Walijuana siku alipokuja kupaka ukuta wa kile chumba, na Hapungui akamwangukia hapohapo miguuni. Yule mpaka rangi alimgeuza kwa ubavu, akakunja koti lake la kazi na kumwekea chini ya kichwa, hakumtia kijiko mdomoni wala hakupiga kelele. Watu walipojazana mlangoni akawaambia, "Ni harufu ya rangi yangu hii, imemlewesha. Tawanyikeni apate hewa." Hapungui alizinduka katikati ya maneno hayo. Wanaume wengine walikuwa wamemwahidi makubwa kuliko hayo, lakini aliolewa na aliyesema vile.

Tangu hapo vidonge vilikuwa asubuhi na jioni, bila kuruka, na kuanguka kukawa kwa nadra, kisha kukakoma.

Sasa kuna mdogo wa mumewe, mtu wa nne kuijua siri ile, kwa mdomo wa kaka yake. Huyu mji ulimwita Besi, kwa sababu alianza na kukodisha spika kwenye shughuli za watu, na spika zake zilikuwa zinatikisa vikombe kabatini mtaa wa pili. Biashara ile ikafa. Akauza milio ya simu, nayo ikafa. Akafungua studio kwenye chumba kimoja, akabandika ukutani trei za mayai na godoro la zamani ili sauti isirudi, akasubiri wasanii, wasanii hawakuja. Halafu akaja na sauti ya masikio mawili, ambayo baadaye aliiuza pamoja na hedifoni kwenye kile kibanda kando ya muuza zipu.

Hapungui hakuwa mtu wa kuvishwa kilemba cha ukoka, lakini siku Besi alipomweleza, alisikiliza. Sikio la kushoto, Besi alisema, unalipatia muungurumo mmoja. La kulia unalipatia muungurumo uliopanda kidogo tu, tofauti yake hata huisikii. Kila sikio linapeleka ubongoni lilichopata. Ubongo unakuta mizigo miwili isiyolingana, unashindwa kuikataa, unaichanganya. Hapo unasikia wimbi linapanda na kushuka, wow, wow, wow, na wimbi hilo halipo popote duniani isipokuwa ndani ya kichwa chako. Ubongo nao una mawimbi yake ya umeme, na kifafa ni umeme huohuo ukiingiwa na wazimu. Basi ukiupa ubongo wimbi la taratibu, unafuata taratibu.

"Usiniamini mimi," alimaliza. "Toa upande mmoja, shem."

Hapungui akatoa upande mmoja. Wimbi likakoma, ukabaki muungurumo mnyoofu kama wa friji. Akarudisha, wimbi likarudi. Akafanya hivyo mara kadhaa, kama anavyovuta uzi kuona kama utakatika, na hakuona kasoro.

Akawa anasikiliza jioni, na akawa analala vizuri kuliko zamani. Alipokwenda kliniki alimwuliza daktari, mama mmoja mfupi asiyependa kurudia maneno. Daktari akamwambia kwamba wapo watafiti wanaolichunguza jambo hilo. Wengine wameona umeme wa ubongo ukitulia kidogo kwa wagonjwa wachache, wengine hawakuona kitu, na wapo watu ambao sauti fulani huwachokoza badala ya kuwatuliza. Hakuna aliyethibitisha kwamba inatibu. "Usingizi mzuri ni faida, maana kukosa usingizi kunaangusha watu," alisema. "Kwa hiyo sikiliza ukipenda. Vidonge meza hata usipopenda."

Besi aliposikia kwamba shemeji analala vizuri na haanguki, akamwomba aseme maneno machache kwenye maikrofoni. Hapungui akataja masharti yake. Jina lake lisitajwe. Na vidonge vitajwe mwanzoni, katikati na mwishoni, ili asije mtu akadhani sauti imechukua nafasi ya dawa. Besi akakubali yote papo hapo. Angekuwa muuza kitambaa, Hapungui angekigeuza kitambaa upande wa pili kutafuta tundu. Lakini huyu alikuwa shemeji, na mume alikuwa amekaa ubavuni mwake kwenye ile studio, mkono begani. Akasema yote aliyotaka kusema, vidonge akavitaja mara tatu kama alivyopanga, akakohoa, akarudi kwenye kazi yake.

Kutoka kwa muuza zipu hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja studio.

Besi alikuwa ameinama juu ya meza, moshi wa risasi ya kuunganishia waya ukimpanda usoni. Mbele yake palikuwa na lundo la hedifoni zilizotumika. Alifurahi kumwona. "Karibu, shem. Unasikika mji mzima."

"Vidonge vyangu viko wapi?"

Besi akatazama chini ya kiti, akainua mto. "Ulivileta hapa lini?"

"Nilivitaja mara tatu kwenye hiyo mashine yako. Viko wapi?"

Akaelewa. Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo lililomkera Hapungui zaidi. Akawasha kompyuta, akamwonyesha sauti yake ikiwa imelazwa kwenye kioo kama mstari wenye miiba, na ndani ya mstari ule sehemu zilizokuwa na vidonge zimetolewa, ncha zikaunganishwa kiasi kwamba sikio halikamati mshono. Kama fundi, Hapungui aliona kwamba kazi ni safi. Tangazo refu watu hawalisikilizi, Besi alieleza. Yeye amepunguza tu. Hajaongeza.

"Kila neno ni lako, shem. Nitajie neno moja ambalo hukulisema."

"Mtoto wa Mama Sare ameachishwa dawa."

"Mimi nimemwambia mtu aache dawa? Umenisikia nikisema? Hata wewe humo ndani husemi."

Na ilikuwa kweli, hakuna aliyesema. Kitundu alichokiacha ndicho kilichosema. Hapungui akabaki amesimama, akitafuta pa kumkamatia, na Besi, akiona ameshinda hoja, akaendelea kuongea ili kumtuliza. Akamwonyesha lile lundo. Biashara imeshika kiasi kwamba hedifoni mpya hazitoshi, kwa hiyo ananunua mbovu na kuzifufua. Iliyokufa upande mmoja anaunganisha waya za pande mbili pamoja, inalia kote kote kama mpya. Yeye hatupi kitu. Kwa akili ya fundi wa spika, hedifoni inayolia pande zote ni hedifoni nzima.

"Na usinikasirikie peke yangu," akamalizia. "Kaka alikuwa amekaa hapohapo uliposimama. Mimi nilitaka kukuachia vidonge angalau pale mwishoni. Yeye ndiye aliyesema vinaharibu."

Hapungui akauliza kaka yupi, ingawa alijua kwamba Besi ana kaka mmoja tu.

Mumewe alikuwa uani anasuuza brashi kwa thina. Alikuwa na desturi ya kuzisuuza hadi thina itoke safi, hata kama kesho yake angepaka rangi ileile. Hapungui akaweka mfuko wa zipu kizingitini.

"Ulikuwepo alipokata."

Akaendelea kusuuza. "Nilikuwepo."

"Ukasema vidonge vinaharibu."

"Nilisema tangazo litakaa vizuri zaidi bila—"

"Litakaa vizuri kwa nani?"

Hapo mumewe akazungumza kwa kirefu. Alisema mdogo wake ameruka kutoka shughuli hadi shughuli, kila moja imemvunjikia mkononi, na hii ndiyo ya kwanza kushika. Alisema kwao wako wawili tu, na asipomshika yeye atamshika nani. Alisema jina halikutajwa, kwa hiyo sharti moja lilitimizwa. Hapungui alimsikiliza kama anavyowasikiliza wateja wanaoeleza kwa nini wamekuja bila salio, yaani bila kumkatiza na bila kusogea. Mwishowe mumewe akasema na lile ambalo hakukusudia.

"Nilitaka niisikie," alisema. "Mara moja tu nikusikie ukisema umepona. Hii habari nimeificha pamoja na wewe tangu siku ile ya rangi. Mama yangu mzazi sijamwambia. Besi alipoicheza bila vidonge, nikaona kama ni kweli."

"Kwa hiyo mke mwenye vidonge alikuwa hakutoshi."

"Sikusema hivyo."

"Nyinyi kwenu hakuna anayesema kitu. Mnakata tu."

Mumewe akaiweka brashi chini. Hapungui akamwuliza jambo moja lililobaki, na aliliuliza kwa upole, kama mtu anayepima kitambaa ambacho ameshaamua kutokinunua: kama alijua kuhusu mtoto wa Mama Sare. Mumewe akakiri kwamba alisikia. Alidhani watarudi wenyewe kliniki, wakiona.

"Wakiona nini?"

Mumewe akaishika tena brashi. Hapungui akatazama lile koti la kazi lililoning'inia kwenye kamba, akalitazama muda mrefu kuliko koti linavyostahili, kisha akachukua pochi yake na kutoka. Kulia angelia siku nyingine; jua lilikuwa bado lipo na duka la Mama Sare halijafungwa.

Mama Sare alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mdomo na mikono. Alipomwona akaanza habari za kola za oda ijayo. Hapungui akaomba waingie ndani, nyuma ya duka, kwenye chumba ambacho binti alikuwa amekaa kitandani na madaftari yake, hedifoni zikining'inia shingoni. Binti alikuwa na jino la mbele lililovunjika ncha. Halikuwa limevunjika alipopimwa sare.

"Aliteleza kwenye ngazi za shule," mama yake akasema haraka.

Hapungui akamwambia pasipo kuzunguka kwamba ile sauti ya kwenye spika ni yake. Alikuwa amejiandaa kwa mengi: kuangaliwa kwa jicho la pembeni, kusogezewa kiti mbali. Hakuwa amejiandaa kukumbatiwa. Mama Sare alimrukia, akambana, akamwita dada, akamwambia binti aje amtazame mtu aliyepona, huyu hapa, mwenye nyama na mifupa, siku zote tunaye na hatujui.

"Sijapona," Hapungui akasema ndani ya kumbatio lile. "Nameza vidonge. Kila siku. Nilisema, wakakata."

Mikono ya Mama Sare ikalegea. "Nani akate maneno ya mtu?"

"Shemeji yangu. Mume wangu akamshikia mkasi."

Mama Sare akarudi nyuma, akamtazama kwa macho mengine, macho ya dukani. Naye alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akisikia ugomvi wa ndugu hutafuta kwanza ni biashara gani iliyo katikati. Akasema polepole kwamba sasa ameelewa. Fundi amegombana na shemeji yake juu ya fungu lake, hakupewa anachotaka, ndiyo anazunguka kumharibia. Ni kawaida. Lakini asimtumie mwanawe.

Hapungui akafungua pochi, akatoa kidonge chake cha jioni, akakimeza mbele yao bila maji.

"Hicho kinaweza kuwa cha kichwa," Mama Sare akasema.

Ilikuwa hali ngeni. Katika maisha yake Hapungui alikuwa amewashawishi watu wanunue kitambaa kizito wakati wa joto, na sasa alikuwa na ukweli mtupu mkononi na hauuziki. Ile sauti ya kwenye spika ilikuwa imemtangulia, ilikuwa imesema kwa utulivu na uhakika kuliko anavyoweza yeye kusema akiwa anahema. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imemshinda bei.

Akamgeukia binti, akaomba hizo hedifoni. Zilikuwa zimezungushwa utepe mweusi karibu na shingo ya waya. Akazivaa, binti akawasha. Wow, wow, wow. Akatoa upande mmoja.

Wimbi halikukoma.

Akabadilisha, akatoa wa pili. Wimbi lipo. Akazivua na kumvalisha Mama Sare bila kumwomba ruhusa.

"Besi alikwambia ukitoa upande mmoja kutatokea nini?"

"Wimbi litakoma. Ndiyo alama kwamba ni ubongo unaofanya kazi. Alinionyesha palepale kibandani, nikasikia kwa masikio yangu."

"Alikuonyesha kwa hizi?"

"Kwa zake. Zile kubwa."

"Toa upande mmoja."

Mama Sare akatoa. Akarudisha, akatoa mwingine. Akazima, akawasha upya, akarudia. Kisha akazivua, akauelekeza ule utepe mweusi dirishani na kuubandua kwa ukucha. Chini yake waya zilikuwa zimesokotwa pamoja na kutiwa risasi, fundo moja nene ambapo palitakiwa pawe na njia mbili, kwa hiyo miungurumo yote miwili ilichanganyikia humohumo wayani, si ubongoni.

"Ameniuzia feki," akasema.

Hapungui aliona uso wake ukibadilika, akajua kwamba mapatano yameisha. Machozi yasingefanya kazi ile, wala kiapo. Mama Sare angeweza kubishana na ugonjwa, na daktari, hata na Mungu, lakini bidhaa mbovu aliijua akiiona. Mtu mwingine angeishia hapo. Ila bidhaa feki maana yake iko halisi mahali fulani, na kesho asubuhi Mama Sare angekuwa kibandani kwa Besi anadai abadilishiwe.

"Hata nzima si dawa," Hapungui akasema. "Yangu ni nzima kabisa, na inanisaidia kulala, basi. Sauti nimeipata juzi. Kuanguka niliacha zamani, kwa vidonge. Ukimpa mwanao nzima na ukamnyima dawa, utakuja kumwokota pabaya kuliko ngazini."

Mama Sare akaketi kitandani. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto hajaanguka isipokuwa hiyo mara moja, na Besi alimweleza kuwa ni ubongo unazoea.

"Si mara moja, mama," binti akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Akasema akiangalia madaftari. Amekuwa akipotea darasani, akirudi anakuta mwalimu ameshafika mbali ubaoni. Mara nyingine amezinduka msalani, akaosha uso na kutoka. Hakusema kwa sababu mama alikuwa amefurahi mno, na alikuwa anamwambia kila mgeni.

Mama Sare hakumkaripia. Aliushika ule waya mikononi, akiukunja na kuukunjua. Baadaye akamwambia Hapungui kwamba kesho watakwenda kliniki, na yeye awepo, amwambie daktari kwa mdomo wake. Hapungui akakubali. Alipofika mlangoni Mama Sare akamwongezea lingine, bila hasira.

"Zile oda nitampa fundi mwingine kwa sasa. Najua ulikatwa. Lakini sauti iliyoniponza mimi ni yako."

Uamuzi ule ulimla nusu ya kazi zake za mwaka. Hapungui alitafuta cha kubishania, akaona hakuna, akaaga.

Kliniki asubuhi ilikuwa imejaa. Kibandani kwa Besi spika ilikuwa imezimwa. Mumewe alikwenda alfajiri kumsimamia azime, na aliporudi alimwambia Hapungui kwamba imezimwa, kama mtu anayeleta zawadi. Lakini kwenye benchi la kliniki mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, baada ya kuwasikia wakisalimiana, alimwinamia Hapungui na kumwuliza kama siye yeye wa ile sauti, kwa maana ipo kwenye simu ya dada yake, na ya jirani yake. Hapungui akamweleza. Ilibidi aanze mwanzo, na vidonge vyote, na aliyeketi upande wa pili akaomba arudie.

Daktari alimpokea binti, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia mama yake kwamba dawa ya kifafa haikatwi ghafla, kwa kuwa ubongo ulioizoea unaweza kulipuka kwa kuanguka kusikokoma. Alisema safari hii wamebahatika. Hakupaza sauti. Akampangia binti namna ya kurudi kwenye dawa yake, akawaelekeza dirisha la dawa, kisha akambakisha Hapungui.

Alimpima, akamwuliza juu ya usingizi. Hapungui akasema jana hakulala. Akamwuliza kama ile sauti anaendelea nayo, akasema ameiacha. Akiisikia hawezi kusinzia tena. Daktari hakutaka sababu. Akamwuliza maswali ya kila mara, anaishi na nani, nani anajua cha kufanya, na alipofika kwenye lile la mwisho akainua macho.

"Wa kuitwa ukianguka, bado ni mume wako?"

Hapungui alifikiri. Alimfikiria kama ambavyo angemfikiria fundi msaidizi aliyemkamata anaiba: kwamba kazi fulani bado anaijua kuliko wengine wote, na kwamba kumpata mwingine wa kumgeuza ubavu bila kupiga kelele si jambo la siku moja.

"Kwa kuanguka, ndiyo," alisema.

Daktari akaliandika jibu, akaita mgonjwa mwingine. Nje, kwenye dirisha la dawa, binti alikuwa ameshika pakiti yake, na mama yake anabishana na mtoa dawa kuhusu kikombe cha maji.